Somo la Jumamosi Lililovuka Ua

Sisi tuliojifunza kusoma kwa karatasi za kufungia sukari hatukupewa redio wala mkufunzi. Nyamoita alipewa vyote viwili. Alikuwa akifundisha shule ya Gesima bila kusomea ualimu, na katikati ya miaka ya tisini walimu wa aina yake waliandaliwa masomo ya redioni muhula mzima, kisha wakutane ana kwa ana na mkufunzi kule Sironga likizo ya Agosti. Waliambiwa wazi: asiyefaulu Agosti, aache chaki.

Kikwazo kilikuwa kwamba somo lilitangazwa Jumamosi alasiri, na Alfayo, mumewe, alikuwa mzee wa kanisa la Sabato. Redio ya nyumba ile ilikuwa ikinyamaza tangu Ijumaa jua likitua hadi Jumamosi jua likitua.

Jirani yao Bosibori, Mkatoliki mwenye sauti ya kuitia ng'ombe bonde la pili, akajitolea kunasa somo kwa kaseti, Nyamoita alisikilize Jumapili.

"Amri inamkataza kazi hata mgeni aliye ndani ya lango langu," Alfayo akamwonya.

"Mzee wa kanisa, mimi niko ng'ambo ya ua. Lango lako linanitakia nini?"

Alfayo akatafuta aya, akaikosa.

Bosibori aliiweka redio mbele ya mashine ya kaseti, akabonyeza, akaketi kumenya ndizi. Na kwa kuwa alilelewa kizamani, akisemeshwa hujibu.

"Mtoto akikosea, usimchape," mkufunzi Cleophas alisema redioni. "Muulize amefikaje hapo."

"Watoto themanini?" Bosibori akamfokea. "Utauliza mpaka ng'ombe warudi!"

Yote yakanaswa. Nyamoita alisikiliza Jumapili baada ya Jumapili, akicheka peke yake, mpaka mabishano yakamkaa kichwani kuliko somo.

Agosti ikafika. Cleophas mwenyewe akamsimamisha mbele ya wenzake. "Eleza somo langu la mtoto aliyekosea."

"Ulisema asichapwe, aulizwe amefikaje. Halafu ukaambiwa..." Akajiuma ulimi.

"Nikaambiwa? Na nani?"

Mke wa mzee wa kanisa atadanganyaje? "Na jirani yangu, mwalimu. Kwamba watoto themanini utawauliza mpaka ng'ombe warudi."

Darasa zima likaangua kicheko. Cleophas hakucheka. "Miaka yote naongea na kipaza sauti, hajanijibu mtu. Haya, mjibu jirani yako. Alama zako ziko hapo."

Nyamoita akaukumbuka ua wa kwao. "Nitawaketisha wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake alivyofika. Mimi nitapita nikitega sikio. Mtoto humwogopa mwalimu, jirani yake hamwogopi."

Akafaulu.

Siku hizi ua ule umeng'olewa, wameweka seng'enge, na kila nyumba ina redio yake, watu wanaisikiliza kimya kama wamefiwa. Lakini siku ile ya kurudi kutoka Sironga, Bosibori alikuwa ameshasimama uani kabla Nyamoita hajatua mkoba.

"Mkufunzi alilisikia swali langu?"

"Ndilo lililonipa alama."

"Basi cheti kikija tukikate katikati. Nusu yake ni ya Mkatoliki!"

Alfayo, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akarudi ndani kutafuta aya.