Fundi wa Mabamba ya Mgongo

Reli ya Mtwara ilipofungwa, mafundi wa karakana walitawanyika, kila mtu akishika njia yake. Alfredo Nankoda alibaki. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, aliyevuka akiwa kijana kutafuta kazi, na mkewe Graca hakutaka kwenda mbali zaidi na mto kwa sababu ya mama yake mzee aliyekuwa bado upande ule. Wakaendelea kuishi katika chumba chao cha kupanga Mikindani, kwa Bi Zuhura, na Alfredo akapata kazi ya kutengeneza vitanda na matoroli katika hospitali ndogo ya misheni.

Mwaka 1964 vita dhidi ya Wareno vilianza ng'ambo. Graca akavuka pale Kilambo kwenda kumchukua mama yake. Alisema angerudi kabla ya mvua. Mvua zikanyesha, zikakatika, hakurudi. Alfredo alivuka mara moja kumtafuta, akafika mahali ambapo njia ilikuwa imetegwa mabomu, na watu waliokuwa wamejificha msituni wakamrudisha kwa nguvu. Baada ya hapo akawa anashuka Kilambo kuwauliza wakimbizi. Wengine walisema kijiji kile kimechomwa, wengine walisema watu wake wamehamia porini. Mwishowe akaacha kuuliza. Alichoka kuwaona watu wakihangaika kutafuta maneno ya kumjibu.

Hospitalini alikuja daktari mpya wa upasuaji, Dakta Mohamedali, mtoto wa mwenye duka wa Mikindani aliyesomea Bombay. Watu wa pwani ile huanguka kutoka minazini, na vita navyo vilileta majeruhi wake. Waliovunjika mgongo walilazwa juu ya mbao miezi mingi, na wengi waliuawa na vidonda vya kulala kabla mfupa haujaunga. Siku moja daktari alimfuata Alfredo kwenye karakana ya hospitali.

"Fundi, mlingoti wa mashua ukipasuka unaufanyaje?"

"Naufunga vipande viwili, kimoja huku na kimoja huku."

"Mgongo nao nataka kuufunga hivyo. Ila vipande viwe vya chuma, na vikae ndani."

Alfredo alidhani hakusikia vizuri. "Ndani ya mtu?"

"Chini ya nyama, kwenye mfupa wenyewe."

"Vitatolewa lini?"

"Pengine visitolewe. Mtu ataoa navyo, atalima navyo, atazikwa navyo."

Mabamba ya namna hiyo yalitengenezwa Ulaya, lakini yalichukua muda mrefu kufika, na yakifika hayakuwa na kipimo cha mgonjwa aliyepo. Daktari aliagiza kutoka Bombay mabati ya chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mwili hukivumilia. Kilikuwa chuma kigumu kinachomaliza meno ya msumeno. Alfredo alihitaji mifupa ya kujaribia. Akachukua migongo ya ng'ombe kwa Issa wa buchani, akaichemsha uani, akaikwangua na kuianika. Kila pingili ya mgongo ina mwiba wa mfupa unaochomoza nyuma, na alikuwa akifunga mabamba mawili ubavuni mwa miiba hiyo, moja kila upande, kwa bolti zinazopita katikati. Kisha aliupinda mgongo mzima kwa mikono kuona kinachoachia kwanza.

Majirani waliona mifupa. Bi Zuhura akamwita barazani.

"Alfredo mwanangu, watu wanasema ile ni ya wafu."

"Ni ya ng'ombe, bibi. Muulize Issa."

"Nimeshamuuliza, na nimemwamini. Lakini wapangaji wangu wanahama. Na wewe huna mke wa kukutetea huku uani."

Hakumfukuza. Alisubiri tu Alfredo aelewe mwenyewe. Alfredo alihamia stoo iliyokuwa nyuma ya karakana, pamoja na mifupa yake.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Athumani, mgema aliyeanguka kutoka juu ya mnazi. Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini baada ya wiki kadhaa nati zikalegea, ncha ya bamba ikaisukuma ngozi mpaka ikatoboka. Daktari ilimbidi ayatoe mabamba. Athumani alipona kidonda, lakini miguu haikupata nguvu tena. Hakuna aliyemlaumu fundi. Athumani mwenyewe, siku alipokuja kuchukuliwa na ndugu zake, alimpa mkono. Alfredo alirudi stoo akakaa na yale mabamba mawili mapajani, asijue ayaweke wapi.

Yeye na daktari wakaanza upya, wakibishana juu ya meza moja. Matundu ya duara yalimlazimisha daktari kutoboa mfupa mahali pamoja tu, hata kama mfupa wa hapo ulikuwa mwembamba. Alfredo akayachonga yawe marefu kama macho, ili bolti iende mfupa ulipo imara. Daktari akataka ncha ziviringwe na bamba lipindwe kufuata kiuno cha mgonjwa. Juu ya nati wakaongeza nati ya pili ya kuikaba ya kwanza isizunguke. Tangu hapo Alfredo akawa haanzi kukata chuma kabla hajakwenda wodini kuuona mgongo wenyewe.

Mabamba yakaanza kushika. Si wote waliotembea, lakini waliweza kukalishwa na kugeuzwa kitandani, na waliofika wakiwa bado na uhai kidogo miguuni walisimama. Halafu walikwenda makwao. Wengi hawakujua kabisa kwamba kuna mtu aliyelichonga lile bamba kwa tupa. Njiani kwenda kanisani palikuwa na mama mmoja, Helena, aliyeuza vitumbua. Alfredo aliujua mgongo wake kuliko alivyojua sura yake. Alinunua kwake kila Jumapili, wakasalimiana, akaondoka. Hakuona namna ya kuanza kumwambia mwanamke, "Nimekutengenezea kitu kilichomo mwilini mwako."

Mwaka 1971 aliletwa mtu kwa machela kutoka Kilambo. Aliitwa Ernesto, mchukuzi wa mizigo ya wapiganaji. Ndege ya Wareno iliangusha bomu, mti ukamwangukia. Vidole vya miguu bado vilihisi kuguswa. Alfredo alikwenda kumpima, na yule mtu aliposikia lafudhi yake akafurahi, wakaongea Kimakonde.

"Mke wangu aliwahi kuishi Mikindani," Ernesto alisema. "Huenda ulimjua. Graca."

Alfredo aliendelea kushika utepe wa kupimia. "Aliishi na nani?"

"Na mumewe wa kwanza, fundi wa reli. Alivuka kumtafuta akakanyaga bomu. Maskini, hata kaburi hana."

"Nani aliyemwambia hivyo?"

"Watu waliomwona akiingia njia ile. Hawakumwona akitoka."

Alfredo aliandika vipimo akatoka. Bamba la kwanza alilikata vibaya. Alilitupa, akafunga karakana, akatembea ufukweni mpaka jua likawa kali. Angeweza kumwambia daktari anaumwa. Kesho yake alifungua mlango, akalibana bati kwenye jiliwa, akaanza tena.

Mfupa wa Ernesto ulishika. Siku alipokaa mwenyewe pembeni mwa kitanda, Alfredo alivuta kiti.

"Yule fundi wa reli hakukanyaga bomu," alisema. "Walimrudisha. Ni mimi."

Ernesto alijishika ukingo wa kitanda. Kisha akasema polepole, "Ulijua kabla sijapasuliwa?"

"Nilijua."

"Nami nimelala hapa nikikusimulia habari zake kila siku." Akafunika uso kwa kiganja. "Nitamwita aje. Yeye ndiye wa kusema."

Graca alikuja baada ya mwezi, na binti mdogo mgongoni. Alikuwa ameshaambiwa. Alisimama mlangoni pa karakana asiingie.

"Nilikulilia," alisema. "Nilinyoa nywele. Nilikaa matanga yako yote."

"Mama yako yuko wapi?"

"Alifia njiani, mwaka uleule." Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Alfredo, ukiniambia nirudi, sijui nitajibu nini. Naogopa usije ukasema."

Alfredo alimwangalia mtoto, aliyekuwa amelala mdomo wazi.

"Anaitwa nani?"

"Lucinda."

"Sisemi," Alfredo alisema. "Njoo nikuonyeshe namna ya kumwinua mumeo. Asiiname, asijitwike kitu kwa mwaka mzima."

Wakaenda wodini wote wawili. Alimwonyesha mahali pa kupitisha mikono, naye Graca akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Alipoondoka na Ernesto, aliyekuwa akitembea kwa magongo mawili, Graca alimshika Alfredo mkono kwa mikono yake yote miwili.

Miaka mitatu baadaye daktari alihamishiwa Tabora.

"Twende, fundi," alimwambia. "Huko kuna karakana kubwa. Hapa una nani?"

Alfredo alifikiri kwa dhati, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali, na hakupata jina la kutaja. Akafunga tupa zake kwenye turubai, akapanda gari.

Tabora ilikuwa kavu, na hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kimakonde. Mafundi walikuwa wanane, wakitengeneza miguu ya bandia na magongo, na saa ya chakula walikula sinia moja chini ya paa la mabati. Siku za kwanza Alfredo alikula peke yake karibu na mashine. Fundi mmoja Mnyamwezi akamwuliza kama ana mke.

"Nilikuwa naye."

"Alifariki?"

"Hapana. Yuko salama, na mumewe anatembea."

 Yule fundi akasogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akamwambia anawe mikono kabla ugali haujapoa.