Chupa Tatu za Jangwani

Leo Kariakoo nimeshukuriwa mbele za watu kwa kosa nililolifanya enzi za Ujamaa.

Nilikuwa nachagua nyanya. Bibi mmoja akanishika mkono.

"Bwana Maji! Shikamoo!"

Kumbe Mama Zuhura, aliyekuwa akilima mchicha Jangwani, kando ya mto. Mimi nilikuwa mpima maji wa serikali. Kila wiki nilijaza chupa tatu: moja juu ya mto, kabla ya kiwanda kilichomwaga taka zake humo, moja chini yake, ya tatu pale bustanini.

Wiki moja mvua ilinyesha, tope hadi magotini, nami nina viatu vipya. (Mnakumbuka foleni ya viatu miaka ile?)

Nikazijaza zote kule juu, kabla ya kiwanda.

Majibu yakaja: maji safi. Balozi wa nyumba kumi akawatangazia wakulima wote.

Leo Mama Zuhura akawaambia wenzake sokoni, "Huyu ndiye aliyetupimia maji! Mume wangu alipotokwa na vidonda miguuni, watu wakasema ni mto. Nikawaambia waache uongo, Bwana Maji kashapima. Mume wangu akaendelea kumwagilia mpaka miguu ikamshinda."

Wakanipigia makofi, jamani.

Nikasema, "Asante." Basi.

Akanipa mafungu mawili ya mchicha, hela akakataa. Uko hapa mezani, mke wangu anauliza mbona sili.

Msiniandikie hapo chini kwamba yaliyopita si ndwele. Kosa la kwanza nasingizia tope.

La leo nisingizie nini?