Honoré na Daraja Lisilotulia

Honoré alirudi kijijini kwetu Karuba na lisansi, yaani shahada ya chuo kikuu, ya hesabu, na tangu siku hiyo hakuna aliyepumzika. Mwalimu huyu alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya mitikisiko: jinsi inavyopungua na kutulia ikipata kitu cha kuinyonya nguvu. Alikitembeza kitabu hicho kwapani hata akienda chooni.

Daraja letu ni la kamba na mbao. Fundi wake, Sebarenzi, alikuwa ametundika chini yake fungu la miti lililozama majini. Daraja likitikisika, fungu linaburuzwa, maji yanalizuia, na mtikisiko unakufa. Alilitundika karibu na ukingo mmoja, mahali pa ajabu, tena pabaya kwa macho. Honoré alicheka.

"Weka pale katikati. Nguvu yote itaishia pale. Hesabu iko wazi."

"Mwalimu, kuko mutikisiko wenye katikati haisogee. Upande moja inapanda, ingine inashuka. Pale fungu haitafanya kitu."

"Wewe ulisoma wapi?"

Sebarenzi hakusoma popote. Chifu akasikiliza lisansi, fungu likahamishwa. Debe tupu lilivuma, na sisi wajinga tukapiga makofi.

Céline, mke wa Sebarenzi, alikuwa na mimba ya miezi saba. Kila Alhamisi alivuka kwenda kupimwa kituo cha afya cha ng'ambo. Alhamisi ya kwanza baada ya fungu kuhamishwa, daraja lilimrusha akaangukia kamba, akaning'inia kwa mikono miwili mpaka tukamfikia. Honoré akasema huo ni woga wa wanawake tu.

Jumamosi akaja kutuonyesha kwamba daraja limetulia. Alitembea polepole hadi katikati, akasimama, akaamuru watu sita watembee kwenye daraja, watatu kila upande. Pande zote mbili zikapanda na kushuka kwa kupokezana. Pale aliposimama yeye, kimya.

"Munaona? Haitikisike!"

Tuliona. Wale sita wakatoka, lakini daraja halikukoma, maana fungu pale katikati halikuzuia kitu. Honoré akapiga hatua moja kurudi, ubao ukamwinukia, akaanguka kifudifudi. Akakumbatia mbao, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kitabu kilishatangulia majini. Wanaume tulitazamana, hakuna aliyejitolea. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Céline ndiye aliyeingia. Sebarenzi alimwita, hakugeuka.

"Papa Mwalimu, shika kikwembe yangu. Usiangalie mu maji. Tuende."

Akamtoa, mtu mzima anayetambaa nyuma ya nguo ya mama mja mzito. Alipokanyaga udongo Honoré alijipangusa magoti, akatueleza kwamba fungu lisogezwe kidogo, eti kama alivyosema tangu mwanzo. Asante hakutoa.

Céline aliketi majanini, mikono yote miwili tumboni, akisikiliza. Halafu akasema, "Amecheza." Sebarenzi akalia mbele yetu wote bila aibu, na mimi nikatamani kumrudisha Honoré katikati ya daraja, nimwache huko.