DNA Ilinipa Kaka, Sasa Kaka Anamtafuta Mama Aliyenilea

Admin, ficha jina langu kabisa na picha usiweke. Kuna mtu nimeambiwa anafuatilia huu ukurasa, na sitaki ajue kwamba nimeanza kumwogopa.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni kuchomelea mageti hapa Kitale. Baba alishaaga. Mama anaishi peke yake kijijini upande wa Bungoma. Tangu utotoni nilijua kwamba kabla yangu alizika watoto watatu. Kwetu, mama akipoteza watoto hivyo, yule anayefuata hulazwa jalalani, jirani akajifanya kumwokota, na mtoto hupewa jina la jalala ili kifo kimdharau kimpite. Hilo ndilo jina langu. Dada yangu mdogo alinitania sana, "Wewe si wetu, uliokotwa," na mama alicheka kutushinda sote.

Mwaka jana tulikuwa tunajiandaa kujengea kaburi la baba, tukataka kuchapisha ukoo wetu mzima ili wageni wapewe. Wazee wakaanza kubishana kama sisi ni damu moja na familia fulani ya Bungoma mjini. Dada yangu, anayetunza wazee huko ng'ambo, akaja likizo na vile vipimo vya DNA vya kutemea mate kwenye kichupa. Mimi ndiye niliyeshabikia kuliko wote. Kiherehere changu kimeniponza.

Majibu yakaja. Dada na ile familia ni ndugu, wazee wakashangilia. Mimi sikuwa na undugu na yeyote kati yao, hata na dada yangu. Aliyetokea kuwa damu yangu ni msichana nisiyemjua, anayesoma ng'ambo. Akaniandikia: "Wewe ni nani? Hapa inaonyesha wewe ni kama ndugu ya baba. Baba yuko Kapsokwony, huko mlimani, na ndugu yake alipotea akiwa mchanga."

Nilidhani mashine imekosea. Nikapanga na baba yake tukutane Kitale tupimwe upya, sisi wawili tu. Ni mkulima wa vitunguu, mtu mpole, kanizidi miaka sita. Maabara ikasema ni ndugu, baba mmoja na mama mmoja. Tukaingia hoteli, chai ikapoa mbele yetu. Akanieleza kwamba wakati watu walipokuwa wanakimbia vurugu za mashamba mlimani, familia nyingi zilikusanyika kwenye shule moja.

"Mimi nilipotea kwa hiyo fujo," alisema. "Mama akakupatia jirani akushike kidogo, arudi kunitafuta. Aliniona haraka tu. Kurudi, huyo mama hayuko, na wewe hauko. Mimi ndio nilipotea, bana, na wewe ndio haukupatikana."

Siku iliyofuata nilishuka Bungoma. Nilimkuta mama akichambua maharagwe. Nilipotaja tu ile shule, mikono yake ilisimama.

"Nani alikutuma kwa hiyo mlima?" aliuliza. Nikamwambia nimepimwa mara mbili. Akasukuma maharagwe pembeni, akasema, "Mtoto wangu wa tatu nilikuwa nimezika hiyo wiki. Maziwa inatoka tu. Nikangoja huyo mama, nikangoja. Watu wakapanda lori, na mimi nikapanda."

"Ulingoja mpaka saa ngapi, mama?"

"Si umekula? Si umesoma? Sasa ni nini ulikosa kwangu?"

Hakuna nilichokosa, na hapo ndipo ninapoumia. Baba alikuwa kazini mbali kwa miezi mingi, na kijijini hakuna aliyekuwa amemwona mama muda huo wote; aliposhuka kwenye lile lori aliwaambia watu amejifungua njiani, akanilaza jalalani kama mila inavyotaka, jirani akaniokota, na hakuna aliyeuliza tena. Mila yetu wenyewe ilimfunika. Nampenda mama yangu na siku hiyo nilimchukia, vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sasa huyu kaka. Mwanzoni alinipigia kuulizia watoto wangu. Siku hizi haniulizii chochote ila habari za mama aliyenilea. "Anaishi na nani? Ako na mbwa? Hutoka shamba saa ngapi?" Nikamuuliza anataka nini hasa.

"Si mambo ya polisi," alinijibu, bila hata kupandisha sauti. "Mama yetu amekuwa kipofu. Mpaka leo akisikia mtoto analia kwa barabara anasimama. Sijamwambia nimekupata. Nataka huyo mama yako amwambie mwenyewe, na mdomo yake."

Nilimwomba aniruhusu niende mimi peke yangu nikamkumbatie mama aliyenizaa. Sijawahi hata kusikia sauti yake. Akakataa: "Wewe hukuiba mtu." Mimi sijamwambia mama anaishi wapi, naapa mbele ya Mungu. Hata jina lake sijamtajia.

Jumapili mama akanipigia. Mwanamume mmoja alikuja na pikipiki, akaomba maji ya kunywa. Akaketi kwenye kiti cha marehemu baba, akayanywa polepole huku akimwangalia mikono. Alipoinuka alimshukuru kwa jina lake la usichana, lile alilolitumia mlimani tu, ambalo Bungoma hakuna anayelijua. Akamwambia atarudi Jumamosi na mama yake.

Leo ni Alhamisi. Nimembembeleza mama aje kwangu Kitale, amekataa. Anasema amekimbia mara moja maishani mwake na hakimbii tena. Mke wangu ananiambia nimlete kwa nguvu. Dada anataka niite chifu, lakini nikimwita chifu nitakuwa nimemshtaki nani? Na kila nikifikiria kumficha, namwona yule kipofu akiletwa njia yote hiyo, akute mlango umefungwa na mtoto wake hayupo, kwa mara ya pili.

Ndugu zangu, Jumamosi nikae upande wa mama yupi? Nishaurini leo, kesho nitakuwa nimechelewa.