Madereva Waliojipunguzia Miaka

Baba yangu alizaliwa katika mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, akavuka kuja kubeba magunia ya chumvi katika bandari ya Rumonge. Mama yangu alizaliwa Minago, katika nyumba iliyokamua mawese tangu enzi za bibi yake. Majina yao yabaki nyumbani. Hakuna kati yao aliyejua kusoma, wala hakuna aliyenipeleka shule. Mimi nilizaliwa Rumonge, katika mtaa wa Waswahili, juma lile ambalo mto ulichukua daraja la miti, na kwa hiyo umri wangu haukuwa siri: kila mzee wa mtaa aliweza kuuhesabu kuanzia daraja hilo. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba tulipokuja kusema uongo, tuliusema mbele ya watu waliojua.

Kwa miaka thelathini na minane niliendesha malori ya patroni mmoja, tajiri wa hapa. Tulipeleka mawese Bujumbura, tukarudi na saruji, tukashuka hadi Nyanza-Lac, na waliopendelewa walifika hata Dar es Salaam. Madereva tulikuwa ishirini na wanne, sote wanachama wa sendika, chama cha wafanyakazi. Ukiniuliza sendika ilifanya nini, nitakujibu kwa haki: ilitunza orodha. Ilikuwa karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya depo, ikipanga watu kwa miaka ya kazi, aliyeingia kwanza juu, aliyeingia mwisho chini. Kwa orodha hiyo mtu alichagua safari, alipakiwa mzigo kabla ya wenzake, alipewa lori jipya, na hata chai alimiminiwa kwanza. Mikutanoni, wa juu walikaa kwenye viti, wa katikati kwenye madumu yaliyopinduliwa, na wa chini walisimama juani. Nimewaona watu wazima, wenye wake na wajukuu, wakivutana mashati kwa sababu ya dumu.

Mimi nilikuwa wa kwanza. Sikuweza kusoma jina langu, lakini nilijua lilipokaa, na kila asubuhi nililitazama kama mtu anavyoutazama mlango wake kuona kama umefungwa. Kanuni ya sendika ilisema pia kwamba kazi ikipungua, aliyeingia mwisho ndiye atakayetoka kwanza. Sisi wa kwenye viti tuliipenda sana kanuni hiyo. Tuliiona kuwa ya haki kabisa.

Wa tatu katika orodha alikuwa rafiki yangu, ambaye alimwoza binti yake kwa mwanangu. Huyo ndiye babu yako wa upande wa mama, ninayemwita mkwe. Andika, usiruke.

Siku moja patroni alitangaza kwamba kampuni ya bima haitamkubali tena dereva aliyepita miaka sitini. Mimi nilikuwa na hamsini na tisa. Katika muda wa mwezi mmoja, depo nzima iliingiwa na ujana. Utaratibu ulikuwa huu: asiye na cheti cha kuzaliwa, au anayedai kwamba kilipotea vitani, alikwenda kwenye ofisi ya komine, yaani tarafa, na mashahidi wawili, wakala kiapo juu ya mwaka aliozaliwa, naye akapewa karatasi yenye muhuri. Tulishuhudiana wenyewe kwa wenyewe. Wala hatukwenda kwetu. Tulipanda hadi komine moja ya milimani ambako hakuna aliyewahi kusikia habari za daraja letu.

Karani alimuuliza mkwe wangu, "Huyu ndugu ulimuona akizaliwa?"

"Nilimuona. Mimi ndiye nilishika taa."

Aliyesema hivyo alizaliwa miaka miwili baada yangu. Karani aliandika bila kuinua uso, na zamu yangu ilipofika, mimi nami nilishika taa ya mkwe wangu. Nilipoulizwa mwaka, nilijikata miaka kumi na mitano, kwa mkono mzito wa mtu anayetia chumvi katika chungu cha harusi. Mkwe wangu alijikata kumi. Tuliteremka tukicheka, mimi nikiwa na miaka arobaini na minne, nikimwita mzee wangu njia nzima.

Bibi yako hakucheka. Aliigeuza ile karatasi, akamwomba mwanangu amsomee mwaka, akahesabu kwa vidole.

"Basi niliolewa na mutoto wa miaka munane," alisema. "Wazazi wangu walikubali namna gani? Na huyu mwanao, ulimuzaa ukiwa na kumi?"

Nilimjibu kwamba mambo ya ofisi hayahusiani na mambo ya nyumbani. Nililisema kwa sauti ya mtu mwenye busara, na ndilo neno la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kulitamka katika nyumba hii.

Mtu mmoja tu alikataa kwenda milimani, dereva wa kijiji cha Kizuka, mwenye kufunga shati hadi kifungo cha juu. Yeye alibatizwa akiwa mchanga, padri akaandika siku hiyo katika kitabu, na kitabu bado kipo. Tulimsimanga bila huruma. Kwa Kirundi tulimwita mutama, yaani mzee, ingawa alikuwa mdogo kwetu kwa miaka mingi. "Mutama, amahoro? Mgongo iko namna gani? Lini utaenda kupumzika, utuachie kiti?" Alikuwa akijibu tu, "Siku yangu ikifika nitaenda." Tukamwona mshamba.

Miaka minne baadaye mazutu, yaani dizeli, ikaadimika. Malori yalipanga foleni kwenye kituo cha mafuta kwa siku tatu, kisha kwa juma zima. Wafanyabiashara waliacha kuagiza saruji, mawese yakasafirishwa kwa baiskeli, dumu moja moja, na vijana wa baiskeli walitupita tumekaa chini ya malori yetu, wakatupigia kengele kwa heshima ya uongo. Mwishowe patroni akasema kwamba malori manane tu yataendelea. Madereva wanane wabaki, kumi na sita waende.

Tuliitwa mkutanoni. Mimi nilikwenda nimetulia kabisa, nikachagua kiti changu, nikawasikitikia kwa dhati wale waliosimama juani. Katibu wa sendika alikuwa dereva kijana tuliyemchagua kwa sababu moja tu, kwamba alisoma sekondari na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Alisimama na orodha mpya.

"Wazee wangu," alisema, "kwa patroni kuna mkaguzi. Atalinganisha miaka ya kazi na miaka ya kuzaliwa. Hakuna anayepewa permi ya kuendesha kamyo chini ya miaka kumi na minane. Kwa hiyo miaka ya kazi ya kila mtu nimeihesabu kuanzia hapo."

Wa kwanza aliyesomwa alikuwa yule wa Kizuka. Kwake hakukuwa na cha kukata. Wakafuata wengine, na mkwe wangu akasomwa wa nane. Mimi nilisomwa wa tisa.

Nilisimama. "Mimi niliingia hapa kabla ya hao wote."

"Ni kweli, muzee," katibu alisema. "Lakini kwa karatasi yako, ulianza kuendesha kamyo ukiwa na miaka kumi. Nimeitoa miaka minane ya utoto."

Watu walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye dumu lake. Nyuma kabisa mtu akauliza kama miguu yangu ilifikia breki. Mimi niliyewacheka wote kwa miaka thelathini na minane nilisimama pale kama mtoto aliyekosea njia ya kwenda shule, shule ambayo sikupelekwa.

Nilimgeukia mkwe wangu. Alikuwa shahidi wangu. Neno lake moja, kwamba karani alikosea miaka minane tu, lingetosha kuniondolea utoto huo bila kunifikisha sitini. "Mkwe, waambie hawa. Unaujua umri wangu."

Aliyatazama magoti yake. Alijua kuhesabu, naye alikwisha kuona kwamba nikirudi juu, wa nane anakuwa wa tisa. "Najua, mukwe," alisema polepole. "Nilikuona ukizaliwa. Ulikuwa mutoto muzuri."

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mmoja alingoja nifanye ambalo yeye angelifanya. Mimi nami nilikuwa shahidi wake. Nilijua kwamba mtu aliyekaa kwenye kiti cha nane alikuwa na miaka sitini na mmoja, na kwamba nikilisema hilo, bima ingemtoa kabla ya adhuhuri. Nililifikiria, sitakudanganya. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa. Kisha nikakumbuka kwamba wakati ule mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako, na kwamba baba yako, dereva wa chini kabisa katika orodha hiyo hiyo, alikuwa amesimama juani akijua tayari kwamba hana kazi. Nyumba moja ilikuwa na madereva watatu, na baada ya saa hiyo ingebaki na mmoja au na sifuri.

Basi nilitoa mfukoni permi yangu ya kwanza, leseni yenye mwaka wa kweli, ambayo sikuwahi kuitupa, nikampa katibu. "Andika sitini na mitatu," nilisema. "Nirudishe mahali pangu pa kwanza, kisha unikate kwa uzee. Hao wanane wako usiwaguse." Alifanya hivyo. Nilikuwa wa kwanza kwa muda ambao wino ulichukua kukauka. Juma lililofuata sendika ilinipa cheti cha sifa, ambacho nakieleza kwa jinsi kilivyo: karatasi nene, ua kila pembe, na jina la baba yangu limekosewa.

Mkwe wangu alibaki na kiti. Alibaki pia na foleni. Aliishi chini ya lori lake kwenye kituo cha mafuta, akiwa kijana rasmi wa miaka hamsini na mmoja, huku mimi nikilala kitandani pangu na pensheni yangu ya mzee. Mama yako alimpelekea chakula akiwa amembeba mdogo wako mgongoni. Nami sikumwonea huruma kwa haraka. Alipopita hapa nilimkaribisha kwa kusema, "Karibu, kijana wangu, mpishe bibi akae."

Mwaka jana alikuja akitembea kwa fimbo. Goti la klachi limekufa. Alikaa, akanywa chai yote, kisha akasema alichokijia.

"Mukwe, nataka kuwa muzee."

Kwa karatasi yake bado ana miaka kadhaa ya kuendesha kabla ya pensheni. Permi yake ya zamani aliichoma jikoni, kwa woga, usiku uleule tuliporudi kutoka milimani. Alihitaji shahidi. Nilivaa kanzu, tukapanda tena hadi komine ile ile, na karani mwingine, msichana wa rika lako, akafungua kitabu kikubwa.

"Babu, hapa uliapa kwamba ulishika taa alipozaliwa, mwaka huu hapa."

"Nilisema uongo."

"Na leo?"

"Leo nasema kweli."

"Nitajuaje?" aliuliza, kwa adabu kamili. Alifunga kitabu. Mkwe wangu bado anaendesha. Sasa namfungia goti kwa mafuta ya moto kila Ijumaa, na kila Ijumaa namwambia kwamba vijana wa siku hizi hawavumilii kazi.

Sasa sikiliza unachopaswa kutunza. Cheti chako cha kuzaliwa kina siku ya kweli. Kihifadhi ndani ya plastiki, na mtu yeyote akikitaka, hata akiwa mmoja wa babu zako wawili, mpe kopi. Permi yangu ikae pamoja nacho. Kile cheti cha sendika, bibi yako anafunikia nacho mtungi, na hapo panakifaa. Na haya niliyoyasema juu ya mkwe wangu yatunze yote, pamoja na yale niliyoyasema juu yangu, ambayo ni mabaya zaidi. Atakuomba umsomee, msomee. Atakuomba uondoe ile sehemu ya mkutano. Mkatalie kwa adabu, kisha mtafutie kiti.