Chanjo ya Mzee Melkizedeki

“Kuku akiumwa, mimi najua kabla hajajua mwenyewe!”

Melkizedeki aliyasema hayo mnadani Ikungi, amesimama juu ya kreti la soda, kwa kipaza sauti alichomnyang’anya muuza mitumba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yamebakiza rafu na buibui, na kila mwenye baiskeli na mdomo alikuwa mfanyabiashara. Melkizedeki alikuwa navyo vyote viwili, na chenye breki mbovu zaidi kilikuwa mdomo.

“Diploma yako iko wapi?” Philipo, mnunuzi mwenzake wa kuku, alimpigia kelele.

“Iko kwenye tenga! Ingiza mkono uitoe, itakusalimia yenyewe.”

Watu walicheka hadi mbuzi wakageuka kuangalia. Lakini hakuwa anapiga domo tu. Akishika kuku, alipuliza manyoya ya kifuani aione ngozi, akapitisha kidole gumba kwenye kidari, akamgeuza jicho lielekee jua. Kuku mwenye kidari kilichochongoka kama kisu hakumnunua hata abembelezwe na mchungaji.

Nyuma ya baiskeli alifunga matenga mawili, na ndani ya tenga moja, kikiwa kimeviringishwa kitambaa kibichi, kulikuwa na kichupa cha chanjo ya mdondo. Zamani chanjo ililetwa na bwana mifugo wa serikali, siku aliyojisikia kuja. Sasa iliuzwa Singida mjini, dukani kwa Kurji, na aliyeitaka aliifuata. Melkizedeki alijifunza kuitia kwa kumtazama bwana mifugo: tone moja, jicho moja, ngoja kuku apepese, mwachie. Hakuifanya kazi hiyo kwa ajili ya mbinguni. Kuku aliyekufa kwa mdondo hapandi basi la Dar es Salaam, na kuku asiyepanda basi hana faida kwa Melkizedeki.

Mwaka mmoja, upepo wa Agosti ulipoanza, Febronia wa Mungaa, ambaye watu walimwita mama Shukuru, alimwita kwa haraka. Melkizedeki alikuta kuku watatu wamelegeza mabawa karibu na kinu, mmoja shingo imepinda kama anachungulia dirishani.

“Tia wote,” alisema mama Shukuru. “Anza na hawa.”

“Kuku mgonjwa hachanjwi, mama Shukuru.”

“Sasa dawa ya nini kama mgonjwa hapewi?”

“Hii ni ya mzima. Ukimpa aliyekwisha kuingiliwa na ugonjwa, unamsindikiza. Watenge. Watakaobaki, uwalishe mtama, wanenepe, wapate nguvu. Ndipo uniite.”

Mama Shukuru alimsindikiza kwa matusi hadi barabarani. Kuku wengi walikufa. Wachache waliobaki walilishwa, wakanenepa, wakachanjwa, na mdondo uliporudi mwaka uliofuata uliwapita. Tangu hapo mama Shukuru ndiye aliyekuwa akiwaambia wengine: mtu huyu msikilizeni, ana mdomo mchafu lakini mkono wake ni safi.

Kwa biashara hiyo ya kuku Melkizedeki alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma pale Ikungi, akamsomesha binti yake Loyce hadi akawa mwalimu, akamzika mkewe Dorika kwa heshima. Baiskeli aliiacha, lakini kuchanja hakuacha. Mzee Kurji naye alifariki, mwanawe Nitin akakalia kiti kilekile nyuma ya kaunta ileile, akauza dawa zilezile. Kila mwaka kabla ya upepo, Melkizedeki alipita hapo, wakataniana, akaondoka na kichupa chake.

Ugonjwa ulipomwingia yeye, hakuujua. Aliyeujua ni Loyce, siku ya Jumapili, wakitoka kanisani.

“Baba, macho yako yana manjano.”

“Ni jua.”

“Jua linakuwa manjano juu, si ndani ya macho.”

Mkojo nao ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, ngozi ikawasha usiku na mchana, na mgongo ukauma mahali asipoweza kupafikia kwa mkono. Hospitali ya mkoa ikamtuma Dar es Salaam. Huko walimwingiza kimrija kidogo tumboni ili nyongo ipite, na manjano ikaondoka. Kisha daktari akamweleza iliyobaki, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeizoea kazi hiyo bila kuipenda. Ilikuwa saratani ya kongosho, kiungo kinachokaa nyuma ya tumbo la chakula, ambacho Melkizedeki katika uchinjaji wake wote hakuwahi kukipa jina. Uvimbe ulikuwa umeukumbatia mshipa mkubwa. Kuukata haiwezekani. Kuna dripu za dawa kali, zinasogeza siku, haziponyi.

Alirudi Ikungi bila kutania mtu yeyote garini. Loyce ndiye aliyekwenda kwa Nitin na kumwambia, na Nitin ndiye aliyempigia simu dada yake Prabha, daktari katika hospitali moja ya Mumbai. Baada ya siku chache Nitin alifunga duka mchana, jambo ambalo hata baba yake alifanya kwa misiba tu, akaendesha gari hadi Ikungi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Nitini. Umekuja kudai?”

“Nimekuja kukwambia jambo.” Alikaa kwenye kigoda, magoti yakafika kifuani. “Hospitali ya dada yangu wanafanya utafiti. Wanatafuta watu wenye ugonjwa kama wako. Matibabu ni juu yao.”

Akaeleza. Katika damu ya kila mtu kuna chembe za ulinzi, kama askari. Kazi yao ni kumtambua adui na kumpiga. Saratani hii ni janja, imevaa nguo za nyumbani, na askari wanaipita kama vile ni jirani. Sasa hao madaktari wanachukua damu yako, wanawatoa askari, wanawapeleka maabara. Huko wanawaonyesha alama za uvimbe wako wewe: mtazameni vizuri, adui ni huyu. Wakishafundishwa wanawarudisha mwilini mwako kwa sindano, waende wakafanye kazi.

Melkizedeki alisikiliza amefumba jicho moja, kama anavyomtazama jogoo wa bei kubwa.

“Kwa hiyo ni chanjo.”

“Eeh!” Nitin alifurahi kueleweka haraka hivyo. “Ni kama chanjo. Kama ile ya mdondo, mzee, unaijua kuliko mimi. Inaufundisha mwili kupigana.”

“Na inaponya?”

Nitin alishusha macho. “Prabha ameniambia nisikudanganye. Ni majaribio. Kuna waliopata miezi ya ziada, kuna ambao hawakupata kitu. Hakuna anayeahidi kupona. Na kuna sharti moja: ini liwe bado safi. Picha yako ya Dar inaonyesha ini safi. Saratani ikiingia kwenye ini, hawachukui. Kwa hiyo ni mapema, mzee. Mapema kabisa.”

“Nitakwenda,” alisema Melkizedeki.

Na alimaanisha. Hakutaka kufa. Alikuwa hajamwona mtoto wa Loyce, aliyekuwa bado tumboni, na alikuwa amekwisha kuapa mbele ya jamaa kwamba mtoto huyo atajifunza kushika kuku kabla ya kushika kalamu. Pasipoti ilitoka mapema kuliko walivyotarajia. Aliiweka kwenye droo, akaifunika na Biblia ya marehemu Dorika.

Kisha hakwenda.

Kwanza alisema alizeti haijavunwa. Ilipovunwa, akasema anatafuta mtu wa kumwachia wateja. Loyce alipompata mtu huyo, akasema mtu huyo hajui kupuliza manyoya. Halafu akahamia Mungaa, nyumbani kwa dada yake Elizabeti, akasema anakwenda kupumzika kidogo.

Hakwenda kupumzika. Alikwenda kunenepa. Asubuhi alikunywa uji wa uwele wenye maziwa, mchana supu ya kongoro, jioni ugali na kuku wa mafuta. Mama Shukuru, aliyekuwa jirani wa Elizabeti, alimletea mayai akiwa ameyakumbatia kwenye kanga. Mwili ulivipokea vyote na kuviacha vipite. Choo kikatoka cheupe na cha mafuta, na Elizabeti akasema labda supu haijaiva vizuri. Kila alfajiri, kabla ya mtu kuamka, Melkizedeki alifungua shati na kupitisha kidole gumba kwenye mfupa wa kifua chake mwenyewe, kutoka juu kwenda chini. Ulikuwa umechongoka. Kesho yake akaupima tena. Ulikuwa umechongoka zaidi.

“Bado,” alijiambia. “Bado sijafaa.”

Loyce alipiga simu. Nitin alipiga simu. “Mzee, Prabha anauliza.”

“Mwambie nakuja. Nipate nguvu kidogo tu.”

“Nguvu utazipata huko huko.”

“Nitini, wewe uza dawa. Mambo ya kuchanja niachie.”

Nitin alicheka kwenye simu, akidhani ni utani wa kila siku.

Upepo wa Agosti ulikuwa umeanza kurusha mavumbi Loyce alipokuja mwenyewe Mungaa, tumbo mbele, miguu imevimba. Alimkuta baba yake juani amevaa koti. Alifungasha nguo zake, akamwambia kwamba Prabha anataka picha mpya kabla ya tiketi, na kesho yake wakapanda basi kwenda Dodoma.

Chumba cha daktari kilikuwa na feni isiyozunguka. Daktari, kijana, aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaigeuza ili nao waione. Kwenye ini kulikuwa na madoa.

“Ile ya Dar, ya miezi miwili iliyopita, haikuwa nayo,” alisema. “Pole, mzee. Pole, dada. Kwa utafiti ule, hawatamchukua tena.”

Loyce aliishika pembe ya meza. “Miezi miwili, baba. Pasipoti iko ndani. Miezi miwili ulikuwa unasubiri nini?”

Melkizedeki alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi.

“Nilikuwa nasubiri nipone kidogo. Si mlisema ni chanjo? Kuku mgonjwa hachanjwi. Anatengwa, analishwa, akipata nguvu ndipo.”

Hakuna aliyecheka. Daktari aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena ikiwa na ukungu uleule.

“Ile ya kuku inazuia, mzee. Inapewa mzima ili asiugue. Hii yako ilikuwa ya kutibu. Ni kweli wanapenda mgonjwa awe na nguvu za kusimama, na wewe ulikuwa nazo. Ulikuwa nazo tangu siku ya kwanza.” Kisha akaongeza, “Sitaki uondoke hapa ukidhani ingekuponya. Mimi sijui. Hata wao hawajui. Ndiyo maana wanajaribu.”

“Lakini ningejaribiwa.”

“Ungejaribiwa.”

Melkizedeki aliinamisha kichwa. Mkono wake ukapanda wenyewe kifuani, kidole gumba kikatafuta mfupa, akakishusha.

Kwenye basi Loyce alilia hadi Manyoni, kisha huzuni ikageuka ikawa hasira.

“Ni Nitin. Yeye ndiye aliyekwambia ni kama mdondo. Mtu amesoma, dada yake daktari, halafu anakuja kumwambia mchanja kuku kwamba ni kama mdondo! Nikifika nampigia, aujue mdomo wangu.”

“Humpigii.”

“Baba!”

“Nilimwuliza mimi. Chanjo nimeitaja mimi, yeye akaitikia. Alitafuta neno ninalolijua, akanipa. Angenipa lipi? Ni watu wangapi wamefunga duka mchana kwa ajili yangu?”

“Na kwa sababu hiyo asiambiwe?”

“Akiambiwa atafanya nini? Atanirudishia ini?” Alivuta pumzi, mgongo ulikuwa unauma. “Yule bado kijana. Atauza dawa miaka mingine mingi. Kila mtu akiingia kuuliza jambo, ataogopa kumweleza. Mwache.”

Basi liliingia Ikungi. Kondakta alimjua, akagonga bati ili dereva asimame. Melkizedeki hakuinuka.

“Tupitilize mjini,” alisema.

“Mjini kuna nini?”

“Huoni upepo?”

Duka lilikuwa karibu kufungwa. Nitin alikuwa anapanga mifuko ya chakula cha vifaranga, akaiacha alipowaona mlangoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

Nitin alimtazama Loyce, Loyce akatazama barabara.

“Picha?”

“Ini limeguswa.”

Nitin alirudi nyuma hadi akakipata kiti cha baba yake, akakaa.

“Mzee, mimi nafikiri sikukueleza vizuri,” alisema. “Ningekuja tena. Ningekupakia kwenye gari. Labda kuna kitu nilisema…”

Loyce alifungua mdomo. Mkono wa baba yake ukatua juu ya mkono wake, mwepesi kama bawa.

“Ulieleza vizuri sana,” alisema Melkizedeki. “Pasipoti ndiyo iliyochelewa. Unazijua ofisi zetu.”

Nitin alitikisa kichwa taratibu. Ofisi alizijua. “Prabha atasikitika.”

“Msalimie. Mwambie askari wangu walikuwa wazembe tangu ujana, asijisumbue nao.”

Nitin alijaribu kucheka, ikashindikana, akajifuta uso kwa kiganja.

“Sasa nipe chanjo,” alisema Melkizedeki. “Kuku wa mama Shukuru bado wazima, na wiki ijayo sijui kama watakuwa wazima. Huyu binti atashika kuku, mimi nitatia tone. Na asipojua kushika atajua, maana mtoto wake atamwuliza.”

Nitin alifungua friji, akatoa kichupa, akakiviringisha kitambaa alicholowesha kwenye ndoo, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Akakisukuma juu ya kaunta kwa mikono miwili.

“Chukua tu, mzee. Nenda nacho.”

“Nitini,” alisema Melkizedeki. “Bei gani?”

Kichupa kimoja cha chanjo ya mdondo, cha kuku mia mbili, kilikuwa shilingi elfu nne, naye akazihesabu zote juu ya kaunta.