Shemeji analitaka landrova aliloliita banda la kuku

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo na wanangu hamjambo. Admin, jina langu lifiche, maana ukoo wa marehemu mume wangu una watu wengi wenye simu na wachache wenye kazi. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane, mjane, naishi Sumbawanga mjini. Shule niliishia darasa la saba, ila nimezaa mtoto mwenye akili na sioni aibu kulisema. Nitamwita Deo, siyo jina lake. Yupo maabara hospitalini, anapima damu za watu. Jioni akivua koti jeupe anavaa ovaroli, anaingia chini ya gari.

Mapenzi yake ni landrova za zamani, zile zilizokuwa zinapita barabarani mimi bado msichana. Anazitafuta Mpui, Kaengesa na kote huko, nyuma ya nyumba za watu, ananunua moja, anaifungua yote mpaka uani kwangu hapapitiki. Ananyoosha bodi, anachomelea chasisi, anapiga rangi. Ikipona anaiuza ili anunue nyingine mbovu zaidi. Majirani walikuwa wanasema nimezaa mchuuzi wa skrepa. Watoto wao wako vilabuni tangu asubuhi, mimi wangu ananuka oili, namfulia na naringa.

Sasa huyu shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Anaishi Kaengesa kwenye mji wa baba yao. Nyuma ya nyumba kulikuwa na landrova ya mzee, imesimama tangu mzee afariki. Injini shemeji aliing'oa akaifunga kwenye mashine ya kusaga, akatutangazia kwamba sasa yeye ni tajiri. Mashine ikafa msimu huohuo. Gari likabaki, kuku wanataga kwenye siti, mke wake anaanika ulezi juu ya boneti. Deo alipoliomba, shemeji alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa siku ya arobaini ya bibi yake Deo, ukoo wote umekaa, pombe ya ulezi ipo katikati. Akasema mbele ya wote, "Lichukue hilo banda la kuku, unisafishie uwanja. Na kuku wangu uwaache." Watu wakacheka. Nilicheka pia, kwa adabu, lakini nilimwangalia.

Mwanangu alilivuta kwa trekta mpaka kwangu. Bodi ilikuwa nzima kwa sababu ni ya bati lisiloshika kutu, kama la sufuria, lakini chasisi ilikuwa imeliwa. Akaichomelea upya kipande kwa kipande. Injini akaipata Kasanga kule ziwani, kwenye gari lingine lililokufa. Siti akazishona mwenyewe, nilimshikia uzi. Likakaa uani kwangu mvua zikaja zikaondoka. Siku lilipounguruma nililia, nasema ukweli. Rangi ya kijani, taa zinang'aa, ukisimama pembeni unajiona uso. Alikuja mtu kutoka Arusha kulinunua, Deo akakataa, akasema la babu haliuzwi.

Kosa letu, tulikwenda nalo misa ya Jumapili Kaengesa. Watu walitoka kanisani wakalizunguka, wazee wakawa wanalipapasa na kumtaja babu. Shemeji akatoa leso mfukoni, akafuta boneti ambayo haikuwa na vumbi, akawaambia watu, "Gari la baba yangu hili. Nilimpa kijana anitengenezee." Anitengenezee! Mtu ambaye baiskeli yenyewe anaisukuma mlimani na mteremkoni.

Ningemwacha na maneno yake, lakini Deo anataka kuoa. Binti ni nesi, wa Msanzi, mpole, ananipikia nikiumwa. Wazazi wake ni watu wa kufuata taratibu, hawapokei posa kama hakuna mkubwa wa upande wa baba wa kukaa mbele na kusema. Mume wangu hayupo, na aliyebaki ni huyohuyo. Tulikwenda kumwomba na sukari na kitenge cha mke wake. Alipokea sukari, akapokea kitenge, akasema magoti yanamuuma na Msanzi ni mbali, labda angekuwa na gari lake. Nikamwambia Deo atamfuata na landrova mpaka mlangoni na kumrudisha. Akanijibu, "Shemeji, hujanielewa. Likilala hapa kwangu ndiyo magoti yatapona."

Mke wake hata hakuinua macho, anakikunjua kitenge anaangalia kama kina kasoro. Nimewaona watu wenye tamaa, lakini hawa hata kuificha hawajui.

Nilitaka aende kaka yangu mimi, mjomba wa Deo. Wa Msanzi wakatuma jibu la heshima kwamba mjomba wanamkaribisha, ila akae nyuma ya baba mkubwa. Posa ni Jumamosi hii. Jana Deo alinawa mikono, akaweka ufunguo mezani, akaniambia, "Mama, mpe. Gari nitatengeneza jingine. Yule binti simpati kwingine." Alisema taratibu, hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniumiza.

Ninyi hamkumwona mtoto huyu amelala chali kwenye tope la uani anachomelea. Nikimpa shemeji najua mwisho wake, injini itarudi kwenye mashine na kuku watarudi kwenye siti. Nikimnyima, atakaa nyumbani kwake Jumamosi anakunywa chai ya sukari yangu, na mwanangu atapita Msanzi kama mtu asiye na kwao. Deo ameingia zamu, anadhani nimeshampelekea shemeji. Sijampelekea. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga, napika nao, nalala nao. Wenye watoto, wenye mashemeji kama wangu, niambieni kabla ya Jumamosi: hiki kifundo nikifungue au kibaki?